Hema Lenye Vyumba Viwili

Kijana anayekodisha mahema kule njia ya Naviundu aliniuliza swali analowauliza wafiwa wote: "Mama, unataka moya ya mukubwa ao mbili ya kidogo?" Mama yangu alikuwa amekufa asubuhi ile. Nilikuwa nimekwisha kupiga simu zote, nimechagua kitenge cha familia, nimegombana na mdogo wangu juu ya kwaya, na sikuwa nimetoa chozi. Sijisifu. Nilikuwa nimekufa ganzi tu, nasikia maneno ya watu kama yanatoka nyumba ya pili.

Akadhani nafikiria bei. Akanikunjulia turubai moja pale chini kwenye changarawe. Lilikuwa limekunjwa likiwa bado na maji, huenda mvua ya kwenye msiba wa watu wengine, na harufu ikanijia usoni: mafuta ya zamani, ukungu, majani yaliyooza. Nikakaa kwenye kiti chake bila kukaribishwa. Akaenda kuniletea maji ya kunywa. Masikini, alidhani ni msiba wa mama ulionikalisha. Mimi nilikuwa namkumbuka baba, ambaye sikuwa nimemkumbuka sawasawa kwa miaka mingi, na nilikuwa nakumbuka kwamba swali lile niliwahi kuulizwa utotoni, na kwamba nililijibu kwa furaha.

Tulikaa katika nyumba ya matofali kwenye mtaa wa Waafrika wa mji huu, wakati wazungu bado wanauita kwa jina la malkia wao. Tulikuwa baba, mama, mimi, wadogo zangu, na Kaku, ndivyo tunavyomwita bibi, mama mzazi wa mama, aliyeletwa kutoka Kasai alipofiwa na mumewe. Chumba cha Kaku kilikuwa cha nyuma, na kilikuwa na mlango wake wenyewe unaotazama jikoni. Mlango ule baba aliutoboa kwa mikono yake kabla Kaku hajashuka kwenye treni. Kwa watu wetu, mwanamume na mama mkwe wake hawapiti mlango mmoja, hawali pamoja, hawalali chumba kimoja, na hawaangaliani usoni. Haya mimi nayasema leo. Wakati ule hakuna aliyenieleza, kwa sababu mambo kama hayo mtoto haelezwi, anayakuta.

Nilichokikuta mimi ni kikohozi. Kila alipotaka kupita uani, baba alikohoa mara mbili, kikohozi kikavu cha makusudi, akangoja kidogo, ndipo akatokeza. Muda ule Kaku alikuwa amekwisha kugeukia ukuta na kuvuta kitenge juu ya kichwa. Baba alipita haraka, macho chini, na Kaku akarudi kwenye kuchambua sombe, majani yake ya muhogo. Wakitaka kusema jambo, walinituma mimi, hata kama wamesimama hatua chache, huyu upande huu wa ukuta na yule upande ule.

"Ambia baba yako, ugali iko tayari."

"Baba, Kaku anasema ugali iko tayari."

"Ambia Kaku, aksanti sana."

"Kaku, baba anasema aksanti sana."

Nao walikuwa wamesikiana vizuri tangu neno la kwanza! Nilikuwa na hakika kwamba wamegombana. Watu wasiotazamana, wasiosemezana, mmoja akikohoa mwingine anajificha, watakuwa nini kama si maadui? Nilifikiri sana chanzo chake, nikaamua kwamba ni kuku. Baba lazima alikula kuku wa Kaku zamani, huko Kasai, bila ruhusa. Nilimhurumia baba, maana alipenda kuku kweli, na nilimwona Kaku kuwa mtu wa kinyongo.

Baba alikuwa karani kwenye depo ya vitambaa ya mzungu mmoja. Kila mwaka wakati wa baridi na vumbi, patroni wake alifunga hema juu ya motokari, akawapakia mke na watoto, wakaenda Kasenga kukaa kando ya mto Luapula na kuvua samaki. Baba alienda nao. Hakuwa mpishi wala mlinzi, lakini patroni alisema hamwamini mtu mwingine. Aliporudi alituletea samaki wa kukaushwa kwa moshi, na mimi nilidai masimulizi kabla hata hajavua viatu. Nililijua hema lile kabla sijaliona. Lilikuwa la kijani, paa la rangi ya chungwa, vyumba viwili, milango miwili ya kufungwa kwa zipu, na madirisha ya wavu ili mbu wabaki nje na upepo uingie.

"Na weye ulilala mu chumba gani?" nilimwuliza.

"Mie nilikuwa zamu," akasema. "Zamu analala inje, pembeni ya moto. Kama simba anakuja, anakutana na mie kwanza."

Alisema huku akicheka, na mama hakucheka. Mimi niliyatunza maneno yale. Nikajua kwamba hema likiwapo, mbele yake kuna baba, yuko zamu.

Halafu Katanga, jimbo letu, ikajitenga. Siwezi kueleza siasa yake, wala sitaki. Ninachokumbuka ni bendera mpya yenye misalaba ya shaba, ambayo niliiona nzuri, na kwamba rafiki yangu wa kuruka naye kamba aliacha kuja. Nilipomfuata kwao, mama yake akasimama mlangoni akaniambia, bila ukali, "Rudia kwenu, mwana. Usikuje tena." Mama akaanza kuanika nguo ndani ya nyumba. Maji ya bomba tukayateka alfajiri tu. Jioni vijana walipita barabarani kwa makundi, wakiimba, wameshika minyororo ya baiskeli, na sisi watu wa Kasai tukaambiwa kwamba mji huu si wetu, sisi tuliozaliwa humu. Siku moja nyumba ya jirani, Mkasai mwenzetu, ikaamka haina paa. Watu wake hawakuonekana. Mimi nilidhani wanabadilisha mabati.

Baba akatukalisha na kusema tunaenda kukaa katika hema, nje ya mji, karibu na askari wa amani wa kofia za buluu. Kwa muda kidogo tu.

Ee, nilifurahi! Niseme ukweli wa moyo wangu wa wakati ule: sijawahi kufurahi vile tena, si siku ya harusi yangu, si nilipojifungua. Hatimaye tunaenda kama watoto wa patroni. Nikatafuta kopo la sardini na uzi, nikakunja pini kwa meno, nikawa na ndoana. Nikawaambia wadogo zangu kwamba atakayelia njiani hatapewa samaki.

Kitu kimoja tu kiliniudhi. Kaku alisema haendi. Alilisema jioni, ameketi kwenye mlango wake wa nyuma, na mimi nikasimama kwenye kona ya ukuta kama kawaida yangu, baba akiwa upande wa pili.

"Ambia baba yako atafute hema ya kidogo tu, ya mama na batoto. Mie nitabakia kuchunga nyumba."

Nilipeleka. Baba akasugua uso.

"Ambia Kaku, mu hii nyumba hamuna tena kitu ya kuchunga."

"Ambia baba yako, hema haina ukuta. Nitalala wapi? Yeye atalala wapi? Siwezi kuvunja heshima ya mukwe wangu mu uzee wangu."

Baba akaja hadi kwenye kona kabisa, mkono wake ukawa karibu kugusa bega langu. Hakukohoa. Akasema polepole, na hakusubiri mimi nirudie: "Ambia Kaku, kama anabakia, tunabakia bote."

Mimi nilisikia ugomvi wa kuku unaendelea. Nilimchukia Kaku kidogo, kwa sababu alitaka kutuharibia safari.

Asubuhi yake tulikwenda kwa Mgiriki mmoja aliyekuwa na duka na ua mkubwa nyuma yake. Wazungu waliokuwa wanaondoka walimwachia vitu vyao auze: vitanda, majokofu, vigari vya watoto. Baba alisukuma baiskeli yake. Hakuipanda, aliisukuma tu, na alikuwa ameipangusa mpaka inang'aa. Mama alinishika mkono. Tulipoingia uani nikaliona, limesimamishwa katikati: la kijani, paa la rangi ya chungwa. Hema la patroni. Nilipiga kelele. Nilidhani patroni mwenyewe yumo ndani.

Patroni alikuwa amekwenda kwao. Baba alilizunguka hema lile. Alijua kila kamba, maana ndiye aliyekuwa akizifunga. Akafungua zipu ya mlango wa kwanza, akainama, akaingia, kisha akatokea kwenye mlango wa pili, upande wa nyuma. Akarudia. Mara ya tatu alisimama ndani, akavuta pazia la katikati, na tukamsikia anauliza kutoka humo ndani, "Na hii ya katikati, inafungika kabisa? Muntu haoni muntu?"

"Haoni kitu," Mgiriki akasema. "Sawa nyumba."

Kando yake, chini, palikuwa na turubai la lori. Limekunjwa, jeusi kwa mafuta, lina mashimo ya kamba pembeni. Hilo lilinuka. Mgiriki alisema baiskeli inatosha kwa turubai. Kwa hema, baiskeli haitoshi. Alikuwa amesikia kwamba mama ana cherehani. Baiskeli na cherehani, alisema, basi tuchukue hema na vigingi vyake.

Mama akasema, "Masini haitoke."

Wakasogea pembeni, lakini mimi nilikuwa nimeshikwa mkono, kwa hiyo nikasogea nao.

"Hema inaisha, masini inabakia," mama alisema. "Utalisha batoto na nini? Na zipu?"

"Na mama yako?"

"Tutatundika kitenge katikati."

"Kitenge haiko ukuta. Ataona aibu, hatalala. Unamujua."

"Basi na weye utalala wapi?"

Baba alikuwa anatazama milango ile miwili. Mgiriki, ambaye hakuwa mtu mbaya, akaona huzuni yao, akainama kwangu kuchangamsha mambo. "Na weye, mutoto? Unataka moya ya mukubwa, ao hii ya byumba mbili?"

"Ya madirisha!" nikasema.

Alicheka peke yake. Baba akaweka baiskeli ikaegemea ukuta wa Mgiriki, akaitoa pampu, akaitazama, akairudisha mahali pake. Akajitwisha turubai. Nililia njia nzima kwa ajili ya madirisha, na hakuna aliyenikemea, jambo ambalo lilinishangaza.

Karibu na nyumbani akanivuta pembeni. Uso wake ulikuwa na jasho na mafuta meusi ya turubai. "Sikia. Ambia Kaku: hema imepatikana, na iko na byumba mbili."

"Lakini haina—"

"Ambia Kaku vile."

Nikamwambia. Nilidhani baba anamfanyia hila ili naye aje likizoni, na nikaona ni hila nzuri. Kaku alinitazama kwa muda. Kisha akaanza kufunga vyungu vyake.

Tulikwenda kwa miguu, vitu vyetu kwenye kigari cha kusukuma cha kukodi, cherehani juu, na Kaku akitembea nyuma kabisa ili asimfikie baba. Kulikuwa na watu wengine wengi barabarani, wote wamebeba magodoro. Nilikuwa sijui kwamba watu wa likizo wanaweza kuwa wengi namna ile. Tulipofika kwenye uwanda, nikatafuta mto. Nilizunguka na kopo langu la sardini katikati ya watu, moshi, na mashimo waliyochimba wanaume, nikamwuliza mwanamke mmoja anayetoa kinyesi cha mtoto kwa jani, "Mama, muto iko wapi?" Alinitazama, akarudia kumpangusa mtoto wake.

Turubai lilipofungwa kwenye miti, likawa paa moja, chumba kimoja, wazi mbele. Kaku alisimama na vyungu vyake. Hakusema kwamba amedanganywa. Alikaa juu ya furushi lake, nje, mgongo kwetu, na ilikuwa wazi kwamba ataketi pale hadi mwisho wa dunia. Baba alikuwa amekwisha kuwasha moto hatua kadhaa mbele ya turubai, akaketi kwenye jiwe, naye mgongo kwetu.

"Ambia Kaku aingie," akasema. "Mie niko zamu."

Nikasema. Kaku akaingia, amefunika kichwa. Na mimi nikalala usingizi mzuri sana, kwa sababu sasa kila kitu kilikuwa kama kinavyotakiwa: hema liko, na baba yuko zamu mbele yake.

Mvua zikaanza. Watu wanaoijua mvua ya huku hawana haja ya kuambiwa. Udongo ule mwekundu uligeuka uji, vyoo vikafurika, inzi wakawa wengi, watoto wa jirani wakaondolewa wamefungwa kwenye mikeka, na mimi nikayatazama hayo yote bila kusikia kitu moyoni. Labda ganzi yangu ilianzia huko. Mama alishona. Cherehani yake ilikaa juu ya sanduku chini ya turubai na kutoka asubuhi iliimba, akiwatengenezea watu nguo kutoka kwenye magunia ya unga, nao walimpa maharage, chumvi, kuni. Tulikula kwa cherehani ile. Baba alijitengenezea kibanda cha makaratasi magumu pembeni ya moto, kinachofika kifuani. Miguu ilibaki nje.

Alikuwa akikohoa. Kila alipokohoa, Kaku aligeukia nyuma na kuvuta kitenge kichwani, na sisi tukangoja apite. Mara nyingi hakupita. Nilidhani amebadili mawazo. Siku zikaenda, akawa anakohoa mara nyingi zaidi, na nikafikiri kwamba kwa kuwa hapa hakuna ukuta, inabidi kuonya kila wakati. Nilimwuliza mama kwa nini Kaku hamsamehe baba. Mama akasimamisha gurudumu la cherehani.

"Kumusamehe nini?"

"Kuku."

Ilibidi nieleze habari yote ya kuku. Mama alicheka, mara ya kwanza tangu tuhame, alicheka mpaka akashika tumbo, kisha sauti ikageuka, akafuta macho kwa kipande cha gunia. "Kaku hamuchukie baba yako," akasema. "Anamupenda kupita mie." Sikumwamini. Nilimwona Kaku mwenyewe amejifunika kichwa.

Lakini Kaku ndiye aliyejua kwanza. Mama alikuwa na kelele ya cherehani masikioni, sisi tulikuwa watoto. Kaku kwa miaka yote ile hakuwahi kumtazama mkwe wake, alimsikiliza tu. Adhuhuri moja, mvua ikiwa inapiga turubai hadi tunapiga kelele ili kusikiana, alinishika mkono. "Ambia baba yako," akasema, "kile kikohozi haiko ya kunipisha."

Nikatoka kwenye mvua, nikapeleka. Baba alikuwa amelala chini ya makaratasi yake, ambayo yalikuwa yamelowa na kumlalia juu. Meno yake yaligongana. "Ambia Kaku," akasema, akapumzika, "iko tu baridi."

Niliporudi, Kaku hakungoja nimalize. Alifunika kichwa vizuri, akatoka nje kwenye mvua, akaenda akasimama karibu na moto uliozimika, amempa baba mgongo. Na akasema, kwa sauti yake mwenyewe, bila kunipitia mimi: "Mwana, ingia."

Nilishtuka mno. Ilikuwa kama ukuta umesema. Baba pia alishtuka, maana alijaribu kuinuka akae kwa adabu. Lakini hakuingia. Hawezi kuingia akalala pakavu wakati mama mkwe wake amesimama kwenye mvua. Na Kaku hawezi kurudi ndani kama baba yumo. Basi wakabaki pale wote wawili, maji yanawashuka, kila mmoja anamngoja mwenzake, na chini ya turubai kulikuwa na nafasi kavu ya kutosha watu watatu. Mama alisimama mdomoni mwa turubai akiwapigia kelele wote wawili, mumewe na mama yake, kwa Kiluba na kwa Kiswahili. Hakuna aliyesogea.

Mama akachukua mkasi wake mkubwa. Akafungua kamba, turubai likaanguka juu yetu sisi watoto, na nikasikia mkasi unakula kitambaa kile kizito, unakwama, unaendelea. Alilikata katikati. Alipiga pindo la kila upande kwa cherehani palepale, mvua ikimnyeshea yeye na mashine yake ya thamani, sindano mbili zikavunjika, na kabla ya jioni tukawa na mahema mawili. Yote mawili yalikuwa madogo mno. Katika la kwetu tulilala na Kaku tumepinda kama vijiko. Katika la pili alilala baba, na mama akawa anakwenda na kurudi.

Milango ilikuwa imetazama pande tofauti, kama ile ya hema la patroni. Nilifurahi. Nilimwambia mdogo wangu kwamba sasa tuna vyumba viwili, bado madirisha tu.

Baba aliendelea kukohoa ndani ya nusu yake. Kaku hakugeuka tena. Alikaa ameinamisha kichwa, anasikiliza. Kisha asubuhi moja kikohozi kikakatika, pakawa na utulivu mzuri, na mimi nikawaza: ameacha sasa, hana haja ya kuonya, wamepatana. Nilikuwa nataka kusema hivyo kwa sauti nilipomwona Kaku anavua kitenge kichwani.

Alivuka uwanja ule mdogo, kichwa wazi, mvi zake zote nje, akaingia kwa baba. Mama alikuwa ameketi pale, hanyanyui uso. Kaku alipiga magoti, akamtazama baba usoni, kwa mara ya kwanza tangu alipomwoa mwanawe. Alimtazama kwa muda mrefu. Akagusa nyusi ya baba kwa kidole, pale palipokuwa na kovu la zamani ambalo sisi wote tulilijua.

"Kumbe alikuwa na kovu hapa," akasema.

Tulimzika amefungwa katika nusu yake ya turubai. Kaku aliishona kwa mkono, kwa sababu hakutaka mashine. Nusu ya pili tulikwenda nayo Kasai kwa treni, na ilipochakaa mama aliikata viraka. Kaku alibaki huko, alizikwa huko. Sisi tulirudi mji huu baada ya miaka, na mama akaendelea kushona mpaka macho yalipomwacha. Hakuzungumzia turubai lile kamwe. Mimi sikumwuliza. Sikuwa na uchungu wala hasira, sikuwa na kitu; nilikua, nikaolewa, nikazaa, nikazika, na nilidhani watu wote huishi hivyo.

Kijana wa mahema alirudi na maji. Nilikunywa, nikasema, "Moya ya mukubwa."

Lilisimamishwa mbele ya nyumba, jeupe, pana, na viti vya plastiki vikajaa. Mvua ikaanza wakati wa ibada. Wafiwa wakabanana katikati. Niliketi mbele karibu na picha ya mama, macho makavu, na wanawake wa ukoo walikuwa wameanza kunong'ona juu ya macho yangu hayo. Binti yangu alikuwa amefika kutoka Kipushi na watoto. Mume wake hakuwa naye. Nilidhani amebaki kazini.

Siku za kawaida mkwe wangu huyo hunipigia simu, tunataniana, huniita mama mkubwa. Sisi ni watu wa kisasa. Lakini kilio si siku ya kawaida, na binti yangu alilelewa na mama yangu, aliyemfundisha desturi zile.

Katikati ya wimbo, upande wa nyuma ya kiti changu, nje ya turubai, nikasikia mtu anakohoa. Mara mbili. Kikohozi kikavu, cha makusudi, halafu kimya cha kungoja.

Mjukuu wangu akapenya kati ya viti, amelowa, akaniwekea mdomo sikioni. "Kaku, papa anasema pole. Anasema atasimama inje tu, haiko shida."

Alikuwa anangoja jibu la kupeleka. Nilimwona amekaa tayari kukimbia, mguu mmoja mbele, kama nilivyokuwa nikikaa mimi. Sikumtuma. Nilisimama, nikageuka nyuma. Mkwe wangu alikuwa amenipa mgongo, koti limemganda, maji yanamtiririka shingoni.

"Mwana, ingia," nikamwambia. "Nafasi iko."

Hakusogea. Nikamshika mkono, nikamvuta ndani, nikamkalisha kwenye kiti changu mwenyewe, na pale nikaanza kulia. Nililia hadi wimbo ukakatika. Wanawake wakanizunguka, wakanishika mabega, wakaambiana kwa faraja kwamba afadhali, hatimaye anamlilia mama yake. Nikawaacha waseme hivyo.